NIMETUA MZIGO, MSINIITE MSALITI

Jumapili, saa 4 usiku. Geto, Mtendeni. Umeme upo, ila msishangae nikikatikia katikati.

Najua nimeadimika humu wiki tatu nzima, na najua wapo waliodhani nimedisko kimya kimya nikarudi nyumbani kuchunga. Hapana, nipo, na sapu sina (bado). Leo nimeamua kuandika kwa sababu maneno yamezidi. Nikipita kantini nasikia "msaliti huyooo". Nikiingia darasani, "kapteni mkimbizi". Juzi mpaka dada anayetuuzia chapati kaniuliza eti ni kweli nimewatoroka wenzangu. Dada wa chapati jamani! Yeye na magemu wapi na wapi? Basi ngoja niseme mara moja, kwa maandishi, tusije tukasumbuana tena.

Kisa kwa wasiokijua ni hiki. Kuna gemu la mpira la kwenye simu ambalo nusu ya hosteli ya wanaume inalicheza. Jina silitaji, sina ugomvi na moja, yanafanana yote kama vifaranga wa kisasa. Mwaka jana tukaunda kikosi, watu 11, mimi nikawa kapteni. Kila wiki tunapambana na vikosi vya watu wa mikoa mingine, pointi za mmoja ni pointi za wote. Nimekuwa kapteni miezi 14. Kisha Alhamisi moja, katikati ya msimu, nikaacha. Sikugombana na mtu. Sikufumwa na mama. Sikuokoka. Nimeacha kwa sababu hamu imeisha, basi.

Na hilo ndo watu hawataki kuliamini. Ningesema nimefeli kozi mbili wangenielewa. Ningesema mchungaji kanikataza wangenielewa. Lakini kusema "sina hamu nalo tena" imekuwa kama nimetukana ukoo wa mtu.

Niwaeleze ilivyokuwa. Usiku ule nilikuwa nafungua maboksi. Mnayajua, unatoa koini unafungua boksi, hujui atatoka mchezaji gani. Kuna mchezaji mmoja nilimtafuta kuanzia msimu wa mvua mpaka maembe yakaisha mjini. Basi usiku ule akatoka! Kioo kikawaka dhahabu, fataki, muziki, jina lake likapita kubwa. Ruumeti wangu akaruka kitandani akapiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Mimi nikakaa pale natazama. Nikasubiri ile furaha ije. Haikuja. Nikaweka simu chini, nikaenda kuchemsha chai. Nikakaa mlangoni na kikombe nasikiliza mbwa wa Mtendeni wakibwekeana, na nikagundua kwamba ile chai naifurahia kuliko yule mchezaji.

Hiyo ndo siku niliyoacha. Nilichukua siku nne nyingine kulikubali tu. Sasa twende kwenye hoja zenu, moja moja.

HOJA YA KWANZA: "Umeacha kwa sababu umeshindwa."

Tulikuwa wa pili, nyie watu. Wa pili! Lakini tuseme tungekuwa wa mwisho, bado hoja yenu haina miguu, kwa sababu kushindwa kunahitaji mchezo uwe na mwisho, na lile gemu mwisho halina.

Jirani na geto langu kuna mwembe, na chini yake kuna wazee wa bao. Mashimo 32, kete 64, watu wawili, na wengine kumi wanaowafundisha kwa kelele. Wananamua, wanakula mtaji, wanatakata, mtu anailinda nyumba yake kama vile kuna hati ya kiwanja ndani. Halafu mmoja anafungwa. Anacheka au ananuna, anapisha, anakaa mwingine. Niliwahi kumuuliza babu mmoja pale kama hachoki, kila siku bao. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mchezo ukiisha unakwenda kula. Ndo maana kesho unarudi na hamu yako."

Sasa linganisheni na letu. Ukichukua ubingwa wa msimu, msimu mpya unaanza Jumatatu na daraja lako linashushwa ili upande tena. Ukimpata mchezaji bora, baada ya wiki sita wanaleta huyo huyo, jina lile lile, sura ile ile, kavaa jezi ya rangi nyingine, na huyu mpya ana mbio kuliko wako. Wako anakuwa takataka bila kuumia hata kidole! Kwenye bao kete ni kete. Hakuna mtu anayekuja saa 6 usiku kuwaambia wazee kwamba kuanzia kesho kete nyekundu zina nguvu kuliko hizi zenu, na nyekundu zinauzwa.

Na msidhani haya yametokea kwa bahati mbaya. Kuna Mmarekani anaitwa B. F. Skinner, wanasaikolojia wa darasani kwetu wanamjua. Aliwaweka njiwa kwenye boksi lenye kitufe cha kudonoa. Yeye na mwenzake Ferster walitoa kitabu kikubwa juu ya majaribio hayo mwaka 1957. Njiwa akipewa chakula kila baada ya idadi fulani ya kudonoa, anadonoa, anakula, anapumzika kidogo. Lakini chakula kikija bila mpangilio, mara baada ya kudonoa mara 3, mara baada ya mara 50, njiwa hapumziki. Anadonoa, anadonoa, anadonoa. Hebu mfikirieni yule njiwa, halafu mkumbuke sisi hosteli tunavyofungua maboksi siku bumu limeingia. Tehe tehe! Mimi nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Wajapani wana jina lake, gacha, limetokana na zile mashine za kuuzia vitoto vya kuchezea, unatia sarafu unazungusha mpini, hujui kitatoka nini. Mwaka 2012 serikali yao yenyewe ilipiga marufuku aina moja ya gacha, ile ya kukusanya seti nzima ya vitu vya kubahatisha ili upewe zawadi kubwa. Ubelgiji mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kamari ikatamka kwamba maboksi ya kulipia kwenye magemu kadhaa ni kamari, moja likiwa FIFA 18. Kwa hiyo mkiniambia "ni gemu tu", nawauliza, mbona nchi nzima zimekaa kikao juu ya "gemu tu"?

Halafu niwe mkweli. Mimi sikuwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa kucheza magemu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, na masharti yake ni makali: umeshindwa kujizuia, gemu limetangulia mbele ya kila kitu, maisha yanaharibika na bado unaendelea, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama mwaka hivi. Mimi nilikuwa naenda darasani, nakula, naoga (wengi wenu hapo tumeachana, teh!). Sidai kwamba nimepona ugonjwa. Ninachosema ni kidogo zaidi na kwa maoni yangu ni muhimu zaidi: mtu mzima ana haki ya kuchoka. Kuchoka ni akili inayokwambia kwamba umeshakiona kilichomo. Boksi limetengenezwa ili hiyo sauti usiisikie. Mimi nimeisikia. Nikisikiliza akili yangu ndo nimekuwa mwoga?

HOJA YA PILI: "Umetia hela nyingi mno, utaachaje?"

Hii ndo ilinifanya nikae na kalamu. Nikafungua meseji za malipo kwenye simu, nikajumlisha kuanzia ya kwanza. Shilingi 186,500. Nikajumlisha tena nikidhani nimekosea. Hapa Mtendeni nalipa geto 30,000 kwa mwezi. Kwa hiyo ni kodi ya miezi 6, na bado nabaki na chenji ya bando. Na hapo bando lenyewe sijalitia kwenye hesabu.

Upande wa muda, gemu lenyewe linakuonyesha idadi ya mechi. Mechi 4,116. Piga dakika 12 kila moja, ukihesabu na kumsubiri mpinzani. Inakuja kama saa 823. Kozi yetu moja ni saa 3 kwa wiki kwa wiki 15, yaani saa 45. Nimehudhuria kozi 18 za gemu, wadau! Na hazimo kwenye matokeo.

Sasa nyie mnasema, kwa kuwa nimetoa vyote hivyo, nibaki. Mimi nasema, kwa kuwa nimetoa vyote hivyo, ndo niondoke kabla sijatoa vingine. Hela imeshaondoka. Nikibaki hairudi, nikiondoka hairudi. Tofauti ni ile ya mwezi ujao tu.

Na hapa niwakumbushe tunaishi wapi, maana tunapita kila siku tunaona maembe tu. Huu mji umejengwa juu ya mabega ya wapagazi. Burton na Speke walipofika Novemba 1857, wakati huo panaitwa Kazeh, walikuta njia imeshazoeleka na Waarabu wameshajenga. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, bunda la kitambaa au pembe, na kutoka hapa mpaka Bagamoyo ni miezi mitatu hivi kwa miguu. Sizungumzii waliopitishwa njia hiyo wakiwa wamefungwa minyororo, yale ni mengine, siyafanyii utani. Nazungumzia Wanyamwezi waliokwenda kwa ujira, kazi yao, na kijana aliyeiona pwani alirudi kijijini anatembea kifua mbele.

Njiani kulikuwa na posho, chakula chako cha kukufanya ufike kambi ya kesho. Kulikuwa na hongo, ushuru wa kumpa mtemi ili msafara upite (neno limebaki, kazi yake imebadilika kidogo, au haijabadilika?). Nikiangalia gemu letu naviona vyote. Ile zawadi ya kila siku ukiingia, koini 50, ni posho. Haikutajirishi, inakufikisha kesho tu. Yale malipo ya kuingia kwenye shindano maalumu ni hongo. Na kapteni ni kirangozi, anatembea mbele na mbwembwe zake, lakini mali si yake.

Tofauti ni moja, na ndo iliyonikata maini. Mpagazi alilipwa kubeba. Mimi nililipa ili nibeshwe!

Na mpagazi alijua jambo ambalo sisi tumelisahau. Vitabu vya Wazungu wa zama zile vimejaa malalamiko kwamba wapagazi wametua mizigo usiku na kutokomea. Waliandika kama vile ni tabia mbaya. Mimi nikisoma naona mtu aliyepiga hesabu yake akaona hailipi. Tena msafara bila yeye haukwenda popote. Livingstone mwenyewe alikaa hapo Kwihara kuanzia Februari mpaka Agosti 1872, pamoja na umaarufu wake wote, akisubiri wapagazi watoke pwani. Wakubwa wote wa njia ile walitegemea bega la mtu asiyetajwa jina. Na hawa wenye magemu ni vile vile. Bila sisi tunaoingia kila siku kuwa wapinzani wa kila mmoja, yule anayelipa mamilioni angemfunga nani?

Mnasema "lakini akaunti ni mali yangu". Mali? FarmVille mnaikumbuka, au kaka zenu wanaikumbuka, ile ya Facebook ya mwaka 2009 ya kulima na kuvuna. Mamilioni ya watu walimwagilia mahindi ya kwenye kioo. Tarehe 31 Desemba 2020 ile ya kwanza ilifungwa, mashamba yote yakazimwa. Mwaka 2024, tarehe 31 Machi, kampuni ya Ubisoft ikazima mitambo ya gemu la magari linaloitwa The Crew, na hata aliyelinunua kwa hela yake hakuweza tena kulicheza. Watu walikasirika mpaka ikaanzishwa kampeni, na kufikia 2025 saini zaidi ya milioni moja zilikuwa zimekusanywa huko Ulaya kudai magemu yaliyouzwa yasiuliwe. Shamba la tumbaku la mjomba wako kule Urambo hata bei ikiwa mbovu, udongo unabaki. Huku hakuna udongo.

HOJA YA TATU: "Uamuzi wa Busara."

Hii ni ya ruumeti wangu, na naiheshimu kwa sababu imenikosesha usingizi. Jamaa anasoma historia. Akaniambia, "Wewe unakaa Tabora halafu unasusa? Hapa hapa ndo wazee walikataa kususa!"

Anasema kweli. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulikaa mji huu. Wakoloni walileta uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Sheria ya ovyo. Wengi walitaka chama kisusie. Mwalimu akasimama akawashawishi waingie, na wakaingia, na wakashinda. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake cha ANC. Mwaka 1962 alipogombea urais dhidi ya Mwalimu alipata chini ya asilimia 2. Ruumeti akamaliza kwa kunitupia mto: "Wewe ndo Mtemvu!"

Nilikaa kimya siku nzima. Sasa najibu.

Kwanza, ule mchezo ulikuwa na siku ya mwisho. Kura zinapigwa, zinahesabiwa, kuna mshindi. Pili, waliingia ili wazivunje zile sheria, na hazikupita hata miaka 4 nchi ikawa huru, Desemba 1961. Tatu, kilichokuwa mezani kilikuwa kikubwa kuliko meza. Niambieni, katika miezi 14, sisi 11 tumebadilisha sheria gani ya gemu? Tulilalamika kuhusu maboksi, wakatuletea maboksi ya rangi nyingine. Siku ya mwisho ni lini? Mezani kuna nini?

Busara ya 1958 haikuwa "ingia kila mchezo unaoletewa". Ilikuwa kuuangalia mchezo mpaka chini, ukajua unaingia kutafuta nini na utatokea wapi. Mimi nimeuangalia huu wetu mpaka chini. Mlango wa kuingilia upo, mpana, bure. Wa kutokea hakuna aliyeuchora. Nimeubomoa mwenyewe.

HOJA YA NNE: "Umetutupa."

Hii sina jibu zuri, na sitajifanya ninalo.

Ni kweli nimewaacha watu 10 katikati ya msimu, nafasi ya pili. Ningesubiri wiki tano msimu uishe ningeondoka kwa heshima. Nilifikiria hivyo. Lakini nikakumbuka msimu uliopita nilijiambia hivyo hivyo, na ule kabla yake. Msimu ukiisha kuna zawadi za mwisho wa msimu, na zawadi zinatumika msimu ujao. Mnaona mtego ulivyo? Hakuna siku nzuri ya kuondoka, kwa hiyo nimechagua mbaya. Kwa hilo nawaomba radhi, kwa dhati, na ndo sababu mojawapo ya kuandika hapa badala ya kubishana kantini.

Na nitawakumbuka. Yale makelele ya saa 5 usiku, mtu anafunga bao la dakika ya mwisho hosteli nzima inaamka. Yule jamaa wa Kigoma ambaye hatujawahi kumwona uso, tunamjua kwa sauti tu, anayetuita "wanangu" wakati nadhani ni mdogo wetu. Mwaka wa kwanza nilikuja hapa sijui mtu, na gemu lilinipa watu. Sitalikana hilo. Lakini niulize swali moja, mjibu kimoyomoyo: katika wiki tatu hizi, kati ya nyie 10, ni wangapi wamekuja geto kuniona? Wawili. Wengine wanane meseji zao zote zilikuwa "unarudi lini". Hakuna aliyeandika "unaendeleaje". Siwalaumu, mimi kapteni nilikuwa hivyo hivyo. Mwenzetu mmoja aliacha mwezi wa tatu, sikumtafuta hata siku moja, nilimtafuta mbadala wake tu. Juzi nimekwenda kwake Isevya nikamwomba radhi. Kumbe wakati ule baba yake alikuwa amelazwa. Sote hatukujua. Tulikuwa tunajua kiwango chake cha pasi tu.

Upande wa pili nao wasishangilie. Nawajua, nyie mnaosema magemu ni ushetani, vijana wa siku hizi hawana akili, na mzee mmoja aliyenipongeza eti "sasa umekuwa mtu". Nilikuwa mtu tangu zamani, mzee wangu, shikamoo. Ukikaa kibanda umiza kuanzia saa 9 alasiri mpaka saa 5 usiku kuangalia mechi tatu za Ulaya na mkeka mfukoni, usinifundishe kuhusu kupoteza muda. Gemu zuri ni kitu kizuri. Tatizo langu ni gemu lililokataa kuisha, basi.

Sasa niseme jambo la mwisho, maana ndo lililonipa nguvu ya kuandika.

Wiki iliyopita, habari zilipoenea, dogo mmoja wa mtaa huu alikuja geto. Kidato cha pili. Akasimama mlangoni na sare ya shule, "Kaka shikamoo." Marahaba. Akasema amesikia naacha, anataka kununua akaunti yangu. Anatoa 60,000. Akaitoa mfukoni pale pale, noti za elfu tano tano zimekunjwa mpaka zimekuwa kama karanga.

Wadau, mimi mwanafunzi. Bumu limechelewa. 60,000 ni kodi ya miezi miwili. Na ruumeti ananikonyeza kwa nyuma, chukua, chukua.

Nikamuuliza dogo hela kaitoa wapi. Akaangalia chini. Akasema ameikusanya. Nikamuuliza mama yake anafanya kazi gani. Akasema anauza matobolwa na karanga sokoni. Sikuuliza tena.

Nilimwambia akaunti haiuzwi. Akadhani napandisha bei, akasema ataongeza 10,000 Jumamosi. Jumamosi ataitoa wapi? Nikamkalisha, nikampa chai, nikamwonyesha ile hesabu ya 186,500 niliyoiandika nyuma ya daftari. Aliitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo yule mchezaji wa dhahabu unaye kweli?" Nilicheka mpaka nikataka kulia.

Aliondoka na hela yake. Kama ameirudisha alikoitoa, sijui. Kama kesho yake amenunua akaunti ya mwingine, sijui, na kati yenu yupo anayejua. Usiku ule nilibonyeza futa akaunti. Likaniuliza mara tatu kama nina uhakika, likanionyesha wachezaji wangu wote wamepanga mstari, likaniahidi koini 500 nikibaki. Likasema nina siku 30 za kubadili mawazo. Leo ni siku ya sita.

Kwa hiyo kapteni mpya mchagueni, mimi namuunga mkono yule beki wa chumba namba 7, ana utulivu. Mkitaka kuniona nipo, Jumamosi jioni chini ya mwembe, babu ananifundisha kunamua na ananifunga vibaya sana. Njooni hata wawili. Chapati nitanunua.

Ombi langu ni moja tu, na hili naliomba kama mliyewahi kuniita kapteni: ukichoka, tua mzigo, hakuna atakayekufa. Ila usimtwike mtoto.

Nina testi kesho kutwa na nondo sijazigusa. Nawakilisha.